Mizani Nane Mdomoni mwa Mama

Kwenye mitihani yangu ya fasihi swali la mizani halikosekani. Nalipenda kwa sababu ya uvivu tu, maana ni jepesi kusahihisha. Unampa mwanafunzi ubeti, unamuuliza kila mstari una mizani ngapi, yeye anahesabu silabi na kuandika nane au kumi na sita, nawe unaweka tiki au kosa. Hakuna mjadala, hakuna "mwalimu, mimi nilimaanisha." Darasa zima linainamisha vichwa, vidole vinacheza chini ya madawati, na mimi nasimama dirishani naangalia mashamba ya Rondo na kujiona nafanya kazi ya maana. Mizani, niliwaandikia ubaoni mwaka baada ya mwaka, ni idadi ya silabi katika mstari wa shairi. Wakanakili, wakakariri, wakafaulu.

Mama yangu hakuwahi kulisikia neno hilo kwa maana hiyo mpaka nilipomletea mimi kutoka chuoni. Yeye alikuwa akitunga tu. Shule yake ilikuwa madrasa ya Kivinje, basi, na alichotunga alikiandika kwa herufi za Kiarabu kwenye daftari la hesabu, lile la miraba, kwa sababu alisema mistari yake inakaa vizuri ndani ya vyumba. Wanawake wa mjini walimwita kwenye shughuli zao. Kukiwa na harusi, alitunga utenzi wa kumuusia bibi harusi na kuughani mwenyewe. Kukiwa na arobaini ya mtoto, alimpakata mtoto na kumghania beti zake, hata kama mtoto mwenyewe analia kwa kutaka ziwa.

Kutunga kwake kulikwenda pamoja na kusuka. Sijawahi kumwona amekaa bure. Mikononi mwake daima kulikuwa na ukili, ule utepe mrefu wa ukindu unaosukwa kwanza, kisha ukashonwa mzunguko kwa mzunguko mpaka ukawa mkeka. Vidole vinapitisha ukindu juu, chini, juu, chini, na midomo inanong'ona. Mstari ukikubali, anausema kwa sauti mara tatu, anaweka ukili chini na kuchukua daftari. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumuuliza, "Mama, unajuaje kama umetimia?"

"Ukiwa mfupi nasikia njaa," alisema. "Ukiwa mrefu navimbiwa."

Nilicheka, nikaenda kucheza. Ningekuwa na akili ningekaa hapo hapo nimuulize la pili.

Mwaka niliopata ajira ya ualimu, binti wa mama mdogo alikuwa anaolewa. Mama mdogo ni mdogo wake mama, tumbo moja, na wanaishi nyumba moja tangu wote wawili walipofiwa na waume zao. Mama alikuwa ametunga beti ishirini na moja za kumuusia binti huyo, akaniomba nimwandikie kwa herufi za Kizungu ili bibi harusi abaki nazo, maana sisi wa kizazi cha juzi herufi za Kiarabu tunazisoma kwa kukodoa macho. Tukakaa barazani alasiri nzima, yeye anasoma, mimi naandika. Nilipomaliza nikarudi chumbani peke yangu na kufanya kile nilichokuwa nimekwenda kusomea. Nikahesabu.

Mistari kumi na mmoja ilikuwa na mizani saba.

Nitasema kweli, nilifurahi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina cheti, nina kalamu nyekundu, na nimemkuta mama yangu na kosa. Mahali alipoandika "Mwanangu usilie" nikahesabu, mwa-na-ngu-u-si-li-e, saba. Nikakata, nikaandika "Ewe mwana usilie." Nane. Nikaenda hivyo mpaka mwisho, natia neno hapa, natoa neno pale, na ule utenzi ukatoka umenyooka mstari kwa mstari. Nilijiona nimemwokoa mama na aibu. Wala sikumwambia, nilitaka iwe zawadi.

Siku ya shughuli wanawake walijaa uani mpaka kwenye ngazi za jiko. Bibi harusi aliketi mkekani amefunikwa kanga, na mama akanikalisha ubavuni kwake na karatasi yangu ili akisahau nimkumbushe. Akaanza kughani:

Mwanangu shika kauli
usiende kwa ukali
mume naye si wa mbali
ndiye jirani wa moyo.

Ulikwenda vizuri ubeti huo na ule wa pili. Wa tatu ulianza na ule mstari wangu. Mama akasema "mwanangu," akaivuta sauti, akaishikilia juu kidogo kabla ya kuiteremsha. Mimi nikadhani amesahau. Nikamtajia kwa sauti ya darasani, "Ewe mwana!" Akanitazama, akaendelea na wake. Ubeti wa tano akavuta tena, nami nikatia tena neno langu. Mara ya tatu nikasema, na watu wote wakasikia, "Mama, hapo mizani ni saba. Nimeshakurekebishia."

Wasichana wawili watatu wakacheka nyuma ya kanga. Mama hakukasirika. Alilaza mikono mapajani akasema kwa upole kabisa, "Basi mwalimu ataendelea."

Na mwalimu akaendelea. Niliusoma utenzi wote uliobaki, mizani nane kila mstari, sauti kavu, mgongo umenyooka. Hakuna aliyeitikia. Niliona midomo ya wanawake inafunguka na kufumba, na nilidhani wamevutiwa. Bibi harusi, ambaye mama alikusudia alie mahali pale, alikuwa anajikuna hina ya mkononi. Nilipomaliza wakanipigia makofi, yale makofi ya kumpigia mgeni wa serikali.

Mama hakunigombeza siku ile wala nyingine. Aliacha tu kughani mbele yangu. Kila nilipokuja likizo nilimkuta barazani ananong'onea ukili wake, na kivuli changu kilipofika mlangoni mdomo ulifungwa. "Karibu, mwalimu," alisema. Mwanzoni nilidhani ananitania kwa fahari. Mwaka wa pili nikaelewa kwamba "mwanangu" imekwisha.

Sasa na mimi nina kinyongo changu, sitajitia malaika. Nilipojifungua binti yangu nilirudi Kivinje kumalizia siku arobaini. Mama alikuwa amewaghania wajukuu wote wa ukoo, hata wa watani na majirani. Siku ilipofika nikamwogesha mtoto, nikamvalisha, nikamweka mapajani mwa mama, na wanawake wakanyamaza wakisubiri. Mama akamtazama mtoto muda mrefu. Kisha akanirudishia. "Koo linanisumbua, mwalimu," alisema, na koo lake lilikuwa safi kabisa. Mama mdogo akadakia haraka kugawa visheti. Mimi nikakaa na mtoto wangu asiyeghaniwa, nikaapa sitamuuliza kamwe.

Basi tukawa hivyo, wanawake wawili wenye vichwa vigumu. Nilimletea mbaazi kutoka Rondo, yeye alinipa mikeka. Tuliulizana habari za afya, mvua na mtoto. Ungetuona barazani ungesema, tazama mama na binti wanavyoheshimiana.

Miaka miwili iliyopita mama mdogo alinipigia simu nikiwa darasani, kipindi cha tatu. "Mama yako ameanguka uani," alisema. "Njoo." Niliteremka Lindi, nikapanda gari la kwenda juu, nikashuka Nangurukuru na kumalizia kwa bajaji, na njia nzima nilikuwa naomba kitu kimoja tu, nimkute hai. Nilimkuta hai, hospitalini. Kiharusi kilikuwa kimechukua mkono wa kulia na mguu, kikauvuta mdomo pembeni. Nikamshika, nikasema, "Shikamoo, mama." Akanitazama, akahangaika, shingo ikamtoka mishipa.

"Hii," alisema. "Hii, hii, hii."

Hilo ndilo neno lililokuwa limembakia. Maji yalikuwa hii, maumivu yalikuwa hii, mimi nilikuwa hii. Muuguzi wa hospitalini, mama mmoja mtu mzima mwenye subira, alituambia mgonjwa anaelewa kila kitu. "Maneno yote yamo humo ndani," alisema. "Njia ndiyo imeziba. Zungumzeni naye, msimzungumzie." Tukamrudisha nyumbani. Mkuu wangu wa shule akaniruhusu nikae, na kwa kuwa likizo ndefu ilikuwa inakaribia nikapata majuma tisa.

Kwetu mtu akiugua ugonjwa wa kutisha, watu huja kuombana radhi. Jirani anakaa kitandani anasema, niwie radhi kama nilikukosea, na mgonjwa anasema, nimekuwia, nawe niwie. Ni maneno ya kila siku, lakini lazima yasemwe, na radhi ya mama kwa mtoto wake ndiyo nzito kuliko zote. Walikuja majirani, walikuja hata watu wa Mchinga, wakasema yao, mama akawajibu kwa kichwa, na wao wakaridhika. Mimi sikuweza. Nilikuwa na deni la kumwomba radhi tangu siku ya ile karatasi, na miaka yote alipokuwa na ulimi mzima sikuomba. Sasa nilikuwa naitaka kwa roho yangu yote, na niliitaka kwa maneno. Kuitikiwa kwa kichwa kusingenitosha. Hofu yangu ilikuwa kwamba atakufa na ile "hii" mdomoni, nami nitabaki sijui kama nimesamehewa.

Juma la tatu mama mdogo alichoka kukaa bure akachukua ukili. Mama akaunyooshea mkono wa kushoto. "Hii," alisema. Mama mdogo akamwambia, "Dada, mkono mmoja hausuki." Mama akakunja uso. Basi mama mdogo akavuta mkeka, akakaa karibu naye kabisa, akampa upande mmoja wa ukindu, yeye akashika mwingine, wakaanza kusuka wawili kwa mikono mitatu. Walikwenda polepole sana na ukili ulitoka ovyo. Mimi nilikuwa jikoni nachambua dagaa. Mama mdogo alikuwa ananong'ona kama walivyozoea tangu utotoni, mstari wowote tu, kufuata vidole.

Nikasikia sauti ya pili.

Ilikuwa nzito, ina mate, lakini ilikuwa inakwenda. "U-si-e-nde-kwa-u-ka-li." Nikaacha dagaa. Mama alikuwa anautazama ule ukili, na kila kidole cha mama mdogo kilipoinua ukindu, silabi moja ilimtoka mdomoni. Akafika mwisho wa mstari, akaanza unaofuata. "Mu-me-na-ye-si-wa-mba-li." Mama mdogo alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi, lakini mikono haikusimama, aliogopa ikisimama na maneno yatasimama. Nilisimama mlangoni na mikono yangu inanuka samaki, na nilitamani kupiga kelele mji mzima unisikie.

Tulijaribu kumuuliza mara hiyo hiyo, "Mama, unataka nini?" Akafungua mdomo. "Hii," alisema, na machozi yakamlengalenga. Kumbe maneno matupu yalikuwa bado yamefungwa. Yaliyopimwa ndiyo yaliyokuwa yanapita.

Kwa hiyo tukaanza kuishi kwa utenzi. Nasema hivi watu wanadhani natia chumvi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Niligundua kwamba nikimpa mstari wa mizani nane, nikaugonga mkekani, anaweza kuurudia, na akiurudia mara nyingi unakuwa wake. Tatizo ni kwamba ilibidi mimi nitunge. Mwalimu wa mizani wa miaka kumi na tatu, sikujua kutunga hata mstari wa kuombea uji! Nilikaa na vidole vyangu nikihesabu. "Mama, je, unahitaji kunywa uji sasa?" Mama alinitazama kwa huruma. Mwishowe nikapata, "Nipe uji nina njaa," akaukamata papo hapo na kuutumia siku nzima, hata akiwa ameshiba.

Tukaongeza. "Nifungulie dirisha." "Mgongo unaniwasha." "Msalani nipeleke," huo aliutunga mwenyewe, wa kwanza kuutunga tangu augue, na haraka yake ilitufanya tusipate hata muda wa kushangilia. Siku nyingine mama mdogo alimletea chai. Mama akaonja, akaiweka chini, akagonga mkeka kwa kidole na kusema bila kukosa, "Chai yako ni ya maji." Mama mdogo akamkumbatia. Alikwenda kuwaambia majirani wote kwamba dada yake amemtukana.

Katika siku hizo nilisikia jambo lililokuwa likisemwa mbele yangu maisha yangu yote. Ilikuwa asubuhi. Wao wawili wanasuka, mimi nimeshika ncha ya ukili nikiukunja kadiri unavyotoka. Mama akaghani ule utenzi wa harusi ya binti wa mama mdogo. Hakuwa ameughani mbele yangu tangu siku ile, na nafikiri alisahau kwamba nipo, au alichoka kujali. Akafika ubeti wa tatu. "Mwanangu," alisema, akaivuta sauti. Ndani ya ule mvuto mama mdogo, bila kuinua macho, akatia sauti yake ya chini, "ee." Kisha mama akateremka, "usilie."

Nikahesabu kwa mazoea. Saba zilikuwa za mama. Ya nane ilikuwa ya mama mdogo.

Nilitoka uani nikakaa kwenye ngazi za jiko. Mistari kumi na mmoja. Yote kumi na mmoja ilikuwa imepungukiwa mahali mama alipotaka watu waingie. Alikuwa amewaachia wenzake silabi moja moja, ili bibi harusi asiusiwe na mtu mmoja bali na ua mzima, na mimi nikazijaza zote kwa kalamu nyekundu na kuwafungia nje. Ndiyo maana midomo yao ilikuwa inafunguka na kufumba siku ile. Walikuwa wanatafuta mahali pao. Nilijisikia vibaya kwa namna ambayo sikuwahi kujisikia hata siku yenyewe, maana siku yenyewe nilikuwa mjinga, na mjinga hana uchungu. Kitabu cha shule kinasema mizani ni idadi ya silabi, na ni kweli, lakini hakisemi ni za nani.

Majuma yangu tisa yalikuwa yanakwisha. Nikaamua nitamwomba radhi kwa njia aliyoweza kujibu. Nilitunga ubeti mmoja kwa siku nne. Nilikata, nikaandika, nikanong'ona nikiosha vyombo mpaka mama mdogo akaniuliza kama naumwa. Mchana wa siku ya mwisho, mama mdogo alipokwenda kwa jirani, niliketi mkekani mbele ya mama, nikaushika mkono wake wa kushoto, nikaghani. Sauti yangu si ya kughani. Ilitetemeka, ikakatika, ikarudi.

Mama nimekuja kwako
nilivunja neno lako
mbele ya wageni wako
naomba radhi, mamangu.

Alinisikiliza kichwa ameinamisha. Kidole chake kilikuwa kinagonga kiganja changu, naye alikuwa ananipima, nilijua. Nilipomaliza kikaendelea kugonga. Akaanza kuurudia ubeti kutoka mwanzo, polepole, na mimi nikadhani anakwenda kwenye jibu. "Mama nimekuja kwe-tu," alisema.

"Kwako, mama," nikamkumbusha.

Akatikisa kichwa. "Kwe-tu."

"Vina vitavunjika, mama. Kwako, lako, wako."

Alinitazama mpaka nikanyamaza. Kisha nikasema, "Ndiyo, mama. Kwetu," na nikaanza kulia, kwa sababu nilielewa ananiambia nini, na nilidhani jambo letu limekwisha hapo. Nilikuwa nimeipata radhi niliyoitaka. Nikaubusu mkono wake, nikataka kuinuka nikamchemshie maji ya kuoga.

Hakuniachia. Mkono wa kushoto wa mama yangu, uliosuka mikeka miaka hamsini, una nguvu. Alifungua mdomo, akafumba. Mishipa ya shingo ikamsimama kama siku ile ya hospitali. Nikaanza kugonga mkeka ili nimsaidie, nane, polepole, na yeye akauweka mguu wake mzima juu ya vidole vyangu kuvizuia. Hakutaka kipimo. Alihangaika peke yake muda mrefu sana, jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Nilikunyima," alisema.

Neno moja, bila ukili, bila kugonga. Lilikuwa neno lake la kwanza la kawaida tangu alipoanguka.

Nilijua anasema nini. Alikuwa anamsema mtoto wangu, niliyempakatisha siku ya arobaini, naye akanirudishia bila ubeti hata mmoja. "Hapana, mama," nikasema haraka. "Usiseme hivyo. Mimi ndiye niliyekukosea." Ndivyo tunavyofundishwa. Mtoto anamwomba mama radhi, mama anatoa. Mtoto hamwambii mama yake amemsamehe, hata kama anayo ya kusamehe. Sijawahi kumsikia mtu wa Kivinje akimwambia mama yake neno hilo, na mimi sikuwa najua hata litakaaje mdomoni.

"Nilikunyima," alirudia, kwa nguvu kidogo, kama mtu anayeona mwenzake anajitia hasikii. Macho yake hayakuondoka usoni mwangu. Alikuwa anasubiri.

Basi nikaacha kukataa. "Ndiyo, mama," nikasema. "Ulininyima. Na iliniuma sana." Akaitikia kwa kichwa kwamba anajua, na machozi yakamteremka upande ule wa uso ambao ulikuwa bado mzima. Lakini mkono haukulegea, kwa sababu nilikuwa sijamaliza.

"Nimekusamehe," nikamwambia mama yangu, na ndipo akaniachia mkono.